Kabla Babu Hajawekewa Lenzi

Familia nyingi za Shinyanga na Geita huanza kujadili lenzi ya bandia wakati mgonjwa ameshapimwa na tarehe ya upasuaji wa mtoto wa jicho imeshatajwa. Ndugu mmoja, mara nyingi yule anayetuma pesa kutoka Mwanza au Dar es Salaam, anapiga simu na kuuliza, "Wanamwekea ya kukunja au ile ngumu?" Swali lenyewe si baya, ila linaulizwa kana kwamba ni suala la hadhi: ya kukunja ya wenye nazo, ngumu ya wanyonge, ya Ulaya ya uhakika, ya India ya kubahatisha. Mzee anabaki kwenye benchi akiamini kwamba kwa sababu wanawe wamepungukiwa, yeye ataona nusu.

Ningependa familia hizo ziwe na swali jingine mkononi, na ziwe nalo mapema: uso wa lenzi hii utakutana na nini ndani ya jicho hili?

Mtoto wa jicho ni lenzi ya asili iliyopoteza uwazi wake. Imekaa nyuma ya mboni, imefungwa ndani ya kifuko chembamba sana. Daktari hufungua kifuko kwa mbele, hutoa kilichochafuka ndani, kisha huweka lenzi ya plastiki katika kifuko hichohicho na kuiacha humo maisha yote. Lenzi mpya haina uhai, lakini kila kinachoizunguka ni hai. Kifuko kinaigusa, majimaji ya jicho yanaipitia, seli zilizosalia zinajaribu kutambaa juu yake, na bakteria wakipata mwanya wanatafuta mahali pa kushika. Mwanga hupita katikati ya plastiki, lakini mengi ya mema na mabaya yanayofuata huamuliwa na uso wake na ukingo wake.

Hilo lilijulikana tangu mwanzo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, risasi zilipopasua vifuniko vya plastiki vya ndege za kivita za Uingereza, vipande viliruka na kuingia machoni mwa marubani. Daktari Harold Ridley aliona kwamba plastiki ile ya akriliki hukaa ndani ya jicho bila kuleta vurugu, isipokuwa pale ncha kali inapogusa sehemu laini inayotembea. Tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas' jijini London, aliweka kwa mara ya kwanza lenzi iliyochongwa kwa plastiki ya jamii ileile. Wenzake wengi walimpinga kwa miaka. Huku kwetu, hata baada ya ushahidi kupatikana, wazee waliendelea kutolewa mtoto wa jicho bila kuwekewa chochote na kurudi nyumbani na miwani mizito kama vitako vya chupa, kwa sababu lenzi ilikuwa ghali.

Kilichobadili hali hiyo kwa sehemu kubwa ni kiwanda cha Aurolab, kilichoanzishwa mwaka 1992 huko Madurai, India, na hospitali za macho za Aravind. Bei ya lenzi ikashuka hadi dola chache. Shirika la Fred Hollows nalo lilisaidia kujenga viwanda vya lenzi Nepal na Eritrea katika miaka hiyohiyo ya 1990. Kwa hiyo anayekuambia lenzi ya India ni ya kubahatisha anarudia maneno ya kijiweni. Lenzi hizo zimekaa machoni mwa mamilioni ya watu.

Sasa tuje kwenye uso. Wakazi wa Kahama na Msalala wana mahali pazuri pa kuanzia kuelewa jambo hili, kwa sababu wameishi jirani nalo bila kuambiwa. Makinikia yale (mchanga wa madini) yaliyozua mjadala nchi nzima mwaka 2017, ya migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, yalipatikana kwa mbinu ya nyuso. Mawe husagwa hadi yawe unga, unga huchanganywa na maji na kemikali zinazoufanya uso wa madini yanayotakiwa uchukie maji, kisha hewa hupulizwa. Chembe inayochukia maji hung'ang'ania povu na kuelea. Chembe ya mchanga, inayopenda maji, huzama. Uzito si hoja kubwa hapo. Wahandisi wa migodi hupima tabia hiyo kwa kuangalia tone la maji juu ya kitu: likitandaa, uso unapenda maji, likisimama kama shanga, uso unayakataa. Watengeneza lenzi za jicho hutumia kipimo hichohicho.

Plastiki ngumu, ile ya jamii ya Ridley, haifyonzi maji na uso wake uko katikati: haulitandazi tone wala haulikatai kabisa. Haikunjiki, kwa hiyo inahitaji tundu la milimita sita hivi. Silikoni inakunjika na inakataa maji kuliko zote. Kisha kuna akriliki laini za aina mbili ambazo kwenye stakabadhi zinaweza kuonekana kama kitu kimoja, na hapo ndipo familia nyingi zinapolipia zisichokijua. Moja inakataa maji kiasi, na uso wake una unato. Nyingine inapenda maji, takribani robo ya uzito wake ni maji, na huhifadhiwa ndani ya kimiminika hadi siku ya kutumika. Zote mbili ni "za kukunja". Ndani ya jicho hazifanani kwa tabia.

Tofauti hiyo huonekana baadaye, miezi au miaka baada ya upasuaji, bibi anapoanza kulalamika kwamba ukungu umerudi. Mtaani watasema mtoto wa jicho ameota tena, au daktari alimwacha nusu. Mtoto wa jicho aliyetolewa hawezi kuota tena. Kinachotokea ni kwamba seli chache zilizobaki kwenye kuta za kifuko huanza kuzaliana na kutambaa kuelekea nyuma ya lenzi, zikitandaza utando pale mwanga unapopita. Akriliki yenye unato hushikamana na ukuta wa nyuma wa kifuko na kuzibania seli njia. Ukingo uliokatwa mraba, wenye kona kali, hufanya kazi kubwa zaidi: unakibana kifuko na kuwa kizuizi. Lenzi yenye ukingo wa mviringo huziachia seli njia wazi. Akriliki inayopenda maji, kwa jumla, hupata ukungu huu zaidi kuliko ile yenye unato.

Kwa hiyo swali la ndugu yule wa simu nalibadilisha hivi: ukingo wake ni wa mraba au wa mviringo? Zipo lenzi ngumu, za bei nafuu, zenye ukingo wa mraba. Mzee aliyewekewa hiyo yuko vizuri kuliko wengi wanavyodhani, hasa kama mtoto wake wa jicho alikomaa hadi kuwa mweupe au kahawia na mgumu, kama ilivyo kwa wengi wanaochelewa kutoka vijijini. Kwa macho ya namna hiyo, upasuaji wa tundu dogo usio na nyuzi, ambao mara nyingi huenda pamoja na lenzi ngumu, ni kazi nzuri sana mikononi mwa aliyezoea. Utafiti wa Nepal uliochapishwa mwaka 2007 uliulinganisha na upasuaji wa mashine ya mawimbi ya sauti, na baada ya miezi sita uwezo wa kuona wa makundi yote mawili ulikaribiana. Pesa ya ziada, kama ipo, ningeiweka kwenye nauli ya kurudi kuangaliwa na miwani ya kusomea kabla sijaiweka kwenye neno "kukunja".

Ukungu huo ukija, dawa yake ni mionzi ya leza ya dakika chache, bila kisu, bila kulazwa. Piga simu kwanza, Bugando au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Chato au kokote ulikoelekezwa, uulize kama mashine ipo na inafanya kazi wiki hiyo. Safari ya bure kutoka Ushirombo au Kishapu humvunja mzee moyo, na akishavunjika moyo harudi.

Kuna macho ambayo ushauri huu wa jumla hauyatoshi, na katika ukanda wetu la kwanza ni jicho la mchimbaji.

Kijana anagonga nyundo juu ya moko, yaani tindo, ndani ya duara la machimbo, au anapasua jiwe kabla halijapelekwa kwenye karasha. Kipande kidogo cha chuma kinaruka. Anahisi kama amechomwa na mbu, anafikicha, anaendelea na zamu. Kesho yake au keshokutwa mboni ina weupe. Jicho hilo limetobolewa, kifuko cha lenzi kimepasuka, na huenda chuma kiko ndani. Usilioshe, usilikamue, usipake dawa ya mafuta, usijaribu kuvuta chochote kinachochungulia. Lifunike kwa kitu kigumu kisichogusa jicho, hata kitako cha kikombe cha plastiki kilichokatwa, ufunge kwa plasta, na uondoke siku hiyohiyo. Mwambie daktari waziwazi kwamba ni chuma juu ya chuma, ili apige picha ya eksirei au CT. Mashine ya MRI ina sumaku kali na haifai hadi ihakikishwe kwamba hakuna chuma. Chuma kikiachwa ndani huharibu jicho polepole kwa kutu yake. Chokaa au kemikali ya kuchenjulia ikiruka jichoni, fanya kinyume: osha papo hapo kwa maji mengi safi, nusu saa bila kukoma, kabla ya kufikiria bodaboda. Watu huchanganya mambo haya mawili, na hilo ni balaa.

Katika jicho hilo lililopasuka, chaguo la lenzi ni la uso hasa. Kama kifuko hakifai tena kubeba lenzi, daktari anaweza kuiweka mbele ya kifuko, nyuma tu ya duara la rangi. Ile akriliki yenye unato na ukingo mkali, iliyotengenezwa kwa kipande kimoja, ambayo ndani ya kifuko ni rafiki mkubwa, ikikaa hapo husugua. Inakwangua rangi, rangi inaziba njia za maji, presha ya jicho inapanda. Maneno ya Ridley kuhusu ncha kali na sehemu inayotembea yanatimia. Hapo huchaguliwa lenzi ya vipande vitatu au lenzi ngumu yenye umbo linalofaa mahali hapo. Tena, jicho lililoumia vibaya huenda baadaye likahitaji upasuaji wa retina na kujazwa mafuta ya silikoni. Mafuta hayo hung'ang'ania lenzi ya silikoni na hayatoki kirahisi. Anayefikiria lenzi ya silikoni kwa mchimbaji wa miaka 25 anapaswa kulikumbuka hilo, na familia ina haki ya kuliuliza. Daktari akisema lenzi isiwekwe leo, tusubiri jicho litulie, hajashindwa kazi. Miwani ya kinga ya plastiki ni rahisi kuliko yote haya, ingawa najua ukiivaa ndani ya shimo lenye joto inajaa mvuke na wenzako wanakucheka.

Mwenye kisukari aulize jambo jingine. Akriliki inayopenda maji imeripotiwa kupata madoa ya chokaa ya kalsiamu juu ya uso wake au ndani yake, hasa kwa watu waliofanyiwa upasuaji mwingine wa kuwekewa hewa au gesi jichoni, na kisukari kimehusishwa pia. Madoa hayo hayaondoki kwa leza. Lenzi inabidi itolewe, kazi ambayo hakuna anayeitamani. Kwa kuwa mwenye kisukari ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kuja kuhitaji upasuaji wa retina, ningeomba akriliki inayokataa maji, au ile ngumu, na nisione aibu kuomba. Aliyewahi kuugua uvimbe wa ndani wa jicho, iwe kwa kifua kikuu au sababu nyingine, aseme kabla ya siku ya upasuaji. Seli za uvimbe hutua juu ya lenzi kama vumbi, na nyuso hazizipokei sawasawa. Silikoni huwa haipendelewi hapo. Na mtoto mdogo mwenye weupe kwenye mboni asisubiri kambi ya macho wala weupe huo usisubiriwe ukomae. Apelekwe haraka kwa wanaopasua watoto, kama KCMC Moshi au CCBRT Dar es Salaam, kwa sababu ubongo wake unajifunza kuona sasa, na ukungu wa nyuma ya lenzi kwake karibu hauepukiki, hivyo upasuaji wake hupangwa kwa namna tofauti.

Niseme kuhusu macho mekundu, maana Shinyanga haiwezi kuandikiwa habari za macho bila hilo. Akina mama wazee wengi wa Usukumani wamepika miaka yote juu ya moto wa kuni na mavi ya ng'ombe ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Moshi umewaachia macho mekundu, na kwa macho hayo baadhi yao wameitwa wachawi na kuuawa. Ni aibu iliyoandikwa sana na bado haijaisha. Kwa daktari, wekundu huo una maana ya kawaida kabisa: kope zenye uvimbe, mfereji wa machozi ulioziba, tongotongo la asubuhi. Yote yanatibika, na yote yanapaswa kutibiwa kabla ya lenzi. Bakteria wa kwenye kope wakiingia na lenzi hushika uso wake, na baadhi yao hujijengea utando wa kujificha ambao dawa huupenya kwa shida. Nyuso zinazokataa maji huwapa bakteria hao mshiko mzuri zaidi. Ndiyo maana ngozi na jicho hupakwa iodini ya kahawia kabla ya kisu. Ndiyo maana pia mgonjwa mwenye usaha huambiwa arudi wiki mbili baadaye. Msimnung'unikie daktari anayeahirisha kwa sababu hiyo.

Baada ya upasuaji, matone aliyopewa na si mengine. Si maziwa ya mama, si maji ya majani, si dawa ya jirani iliyobaki kwenye chupa tangu mwaka juzi. Maumivu yanayoongezeka, wekundu unaozidi, usaha, au kuona kunakopungua katika siku za mwanzo ni safari ya siku hiyohiyo, hata kama ni Jumapili na hata kama ni msimu wa mavuno.

Mambo mawili ya uso huwashtua watu bila sababu, na ni vizuri familia iyajue. Ukingo uleule wa mraba unaozuia ukungu unaweza kumfanya mgonjwa aone mstari wa mwanga au kivuli upande wa kando ya jicho. Kwa wengi hupungua wenyewe kadiri ubongo unavyozoea. La pili huonwa na watu wanaomtazama: usiku, kwenye mwanga wa tochi au taa ya pikipiki, mboni yenye lenzi ya bandia huweza kumeta. Uso laini wa plastiki unarudisha mwanga kuliko lenzi ya asili, na baadhi ya akriliki zenye unato hufanya hivyo zaidi kwa sababu zinapinda mwanga kwa nguvu. Mahali pengine hilo lingekuwa jambo la kuchekesha wajukuu. Katika vijiji ambako macho ya bibi yamewahi kuwa ushahidi dhidi yake, ningependa mwenyekiti wa kitongoji, majirani na wakwe waambiwe mapema, siku anayorudi, kwamba bibi amewekewa lenzi hospitali na jicho lake linaweza kumeta usiku.

Kuhusu gharama, uliza kabla ya siku yenyewe kama bei uliyotajiwa inajumuisha lenzi, matone na marudio. Sera ya afya inawapa msamaha wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Kitambulisho cha msamaha huo kianze kufuatiliwa serikali ya kijiji au kata mapema, maana hakitolewi dirishani kwa huruma. Hakikisha pia jicho limepimwa urefu na mkunjo wa kioo cha mbele, ili namba ya lenzi ichaguliwe kwa ajili yake. Lenzi bora ya dunia yenye namba isiyo yake itamfanya ahitaji miwani mizito.

Na omba stika. Ndani ya boksi la kila lenzi kuna vijikaratasi vya kubandika vyenye jina la lenzi, aina, namba ya nguvu na namba ya utambulisho. Kimoja huenda kwenye faili la hospitali. Omba kingine kibandikwe kwenye kadi au daftari la mgonjwa, kisha kipige picha kwa simu na uitume kwa ndugu wawili au watatu, kwa sababu daftari linaweza kulowa na simu inaweza kupotea. Miaka kumi mbele, mzee akihitaji leza, au retina ikisumbua, au jicho la pili likifikia zamu yake, daktari wa Mwanza au Chato asiyemjua atasoma stika ile na kujua ni plastiki gani imelala humo ndani, inakataa maji au inayapenda, ina kipande kimoja au vitatu, bila kulazimika kubahatisha.